Kasri ya Binti Haiuzwi

Shahat, Oktoba 9

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo alasiri, na kabla udongo haujashiba, kaka yangu Saad kaanza maneno ya kuuza shamba. Tulikuwa sebuleni kwa mama. Chai ilikuwa duru ya pili; ya tatu, ile ya karanga, ilikuwa bado jikoni. Hakungoja hata karanga.

"Ghaliya, lile shamba la juu kuna mtu analitaka."

"Lina wenyewe."

"Wenyewe ni sisi."

"Na mimi ni sisi."

Akanitazama kama anavyomtazama dukani kwake mteja asiyejua bei ya saruji. "Wewe tutakuridhisha."

Hilo ndilo neno lao. Kwetu dada haondoki na ardhi, huridhishwa. Hupewa bangili au jokofu, naye husema mbele ya watu kwamba amewasamehe ndugu zake, na watu humsifu kwa malezi mema. Mola amempa binti nusu ya fungu la nduguye. Sijaona jokofu limetajwa popote.

Sikumjibu zaidi. Baba tumemzika katikati ya Agosti, mama yuko edani, na katika nyumba ya eda mtu hapandishi sauti. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitapasuka, na nikipasuka nitamtia mama aibu.

Shamba lenyewe liko ukingoni mwa mji, pale mlima unapoanza kushuka kuelekea bahari. Katikati yake yamo mabaki ya hekalu la Wayunani wa kale: ngazi pana za mawe, sakafu iliyopasuka, na nguzo zilizokatika, nyingi kimo cha goti, moja tu ndefu kuliko mtu. Bibi zetu waliliita Kasri ya Binti. Kando yake, katikati ya miti ya shmari, mti wa mlimani kwetu unaochanua majira ya mvua, ndiko iliko mizinga yangu ya nyuki. Baba alinifundisha nyuki niliporudi nyumbani na talaka yangu, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyeninunulia hata kiatu.

Oktoba 10

Leo nimemjibu Saad majibu mazuri sana. Nilikuwa peke yangu na nyuki.

Oktoba 17

Saad amerudi, safari hii na hoja. Anasema mawe yale ni ya makafiri, tena wakoloni. "Wayunani walikuja na meli wakachukua mlima. Wataliani wakaja na meli wakachukua mlima, wakasema mawe haya ni ya babu zao. Babu yetu kapelekwa kambini jangwani kwa ajili ya mawe haya haya. Na wewe unataka kuyalilia."

Kinachoniudhi ni kwamba hajasema uongo. Babu alirudi kutoka kambini akakuta Mtaliani amepanda mizabibu katika ardhi yake, na wenzake wanachimba Kasri. Babu akaajiriwa kubeba udongo, kwenye ardhi yake mwenyewe, kwa karai. Baba alitusimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia hivi: walipoondoka, walichukua sanamu, ngazi hawakuweza kuzibeba.

Nikamwambia Saad, "Wayunani wamekufa. Wataliani wamekwenda zao. Babu akabaki na mawe. Sasa anayekuja kuyachukua ni mjukuu wake."

"Mimi siyachukui. Nauza."

Alisema hivyo bila haya, huku anapuliza chai.

Oktoba 24

Nimekwenda ofisi ya mambo ya kale. Nilimkuta Ustadh Miftah, mtu mpole mwenye macho ya kuchoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akanipa maji. Kisha akasema gari la ofisi halina mafuta, askari wake hawajalipwa, na juzi jirani mmoja kajenga banda la gari ndani ya kaburi la miaka elfu mbili na hakuna aliyethubutu kumgusa kwa sababu ana bunduki nyingi kuliko ofisi.

"Basi nifanye nini?"

Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na bango la bati jekundu: ENEO LA MAMBO YA KALE, MARUFUKU KUHARIBU. "Lipigilie wewe mwenyewe, bibie. Misumari sina."

Nimetembea nalo kwapani kutoka mjini hadi shambani, watu wananitazama. Masuda alipita nikiwa nalipigilia mtini. Masuda ni mke wa Saad, nyumba yao iko ng'ambo ya barabara. Mwanamke yule Mungu alimnyima mengi, ulimi hakumnyima.

"Wifi, nasikia umepata mchumba wa jiwe," akasema. "Afadhali. Huyo hata akikuchoka hana mdomo wa kukupa talaka."

Nikajipiga nyundo kidoleni. Akacheka mpaka akashika ule mti.

Novemba 3

Shmari imeanza kutoa maua. Ukungu asubuhi nzima.

Novemba 9

Mdogo wangu Wanis kanisaidia kuinua mizinga ya chini juu ya matofali, maji ya mvua yasiingie. Ana gari la kuuzia maji, na likiharibika, yaani kila wiki, huja kwangu. Huyu ndiye ndugu. Nilimbeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Hunichekesha hata siku ambazo sitaki.

Nilimuuliza wazi, "Wanis, uko wapi katika hili?"

"Niko hapa, nimeshika mzinga, mgongo unakatika. Unataka niwe wapi tena?"

"Saad akikuita?"

"Dada, mimi niko upande wako. Saad ana saruji, sisi tuna asali."

Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nimekula chakula nikasikia ladha yake.

Novemba 15

Bango langu jekundu limetoweka. Nimelitafuta kichakani, korongoni, kote. Jioni nikaliona: limeezekwa juu ya banda la kuku la Masuda. MARUFUKU KUHARIBU, na jogoo juu yake.

Nilimfuata mlangoni.

"Hilo bati ni la serikali."

"Basi kuku wangu wamekuwa waajiriwa wa serikali," akasema. "Ndiyo maana hawatagi."

"Nani kakupa?"

Hapo akaangalia nyuma, ndani ya nyumba yake. "Limeletwa," akasema. "Usiniulize sana, wifi. Nenda."

Nimeondoka nikimchukia kwa moyo wangu wote. Natamani jogoo amzibe mdomo.

Novemba 28

Wanis kaleta mteja wa asali, bwana mmoja kutoka mji jirani wa Bayda, Hamza Bu-Dawi, koti zuri, viatu visivyojua matope. Nilimwonjesha asali ya mwaka jana. Wengi wasioizoea hukunja uso, maana asali ya shmari ni chungu. Yeye alilamba kijiko na kusema haki ya Mungu hii ni dawa. Akanunua chupa bila kupatana bei. Kisha akaomba kuona Kasri. Akapanda ngazi, akatembea kwa hatua ndefu kutoka pembe hadi pembe, mdomo ukimchezacheza. Nilidhani anasoma dua.

Mtu mstaarabu. Nimempa na sega moja bure.

Desemba 8

Mvua ya mawe. Nyuki hawajatoka. Mimi pia.

Desemba 22

Leo nitaandika yote.

Eda ya mama imekwisha juzi, na leo Saad kaita kikao. Alikuja ami yetu Bu-Khatwa, mkubwa wa ukoo, akaja Saad, akaja Wanis. Nyuma yao, viatu vimepakwa rangi, akaingia Hamza Bu-Dawi, mla asali yangu. Akanisalimu kwa adabu. Akaketi kwenye mto ambao baba alikuwa akiegemea.

Ndipo nilipofahamu kwamba siku ile hakuwa akisoma dua. Alikuwa akipima.

Anataka kujenga ukumbi wa harusi. Alitoa simu akatuonyesha picha: jengo jeupe, chemchemi ya taa, na mbele, enyi malaika mnaosoma huko mbinguni, nguzo. Nguzo za Kiyunani za saruji, zimepangwa safu. Atavunja za kweli asimamishe za uongo.

"Watu wanapenda kupiga picha penye nguzo," akaeleza.

"Ziko nguzo pale," nikasema.

"Zile zimevunjika, bibie."

Ami akakohoa. Akasema shamba halina faida, mawe hayaliwi, na binti mwenye heri huwapa ndugu zake. Nikasema nataka fungu langu kama lilivyo kwenye Kitabu, na nalitaka pale penye Kasri na mizinga. Wachukue wao sehemu ya barabarani, hata wajenge kumbi saba.

"Mnunuzi anataka pale pa juu," Saad akasema. "Pana mandhari."

Nikamgeukia Wanis. Alikuwa anang'oa nyuzi za zulia.

"Wanis, sema."

"Dada, gari langu bovu. Nina watoto."

"Nimekuuliza habari za gari?"

"Mimi ndiye niliyemleta," akasema, bila kuinua macho. "Tangu Oktoba. Nilidhani ukimzoea utakubali."

Tangu Oktoba. Kumbe siku aliyoshika mzinga akaniambia yuko upande wangu, tayari mkono mwingine ulikuwa mfukoni mwa mtu.

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa amevaa nguo safi kwa mara ya kwanza tangu eda, anapendeza, kama kijana. Akasema taratibu, "Wape, mwanangu. Mimi niliwapa ndugu zangu, na nimeishi."

"Umeishi, mama. Lakini kila tukipita kwenye mizeituni ya babu mzaa mama unajifunika uso. Unadhani sikuoni?"

Ami aliniambia nimekosa adabu. Kweli, nimekosa. Niliondoka nikafunga mlango kwa kishindo mpaka kioo kikalia, na nikaenda kukaa na nyuki kwenye baridi. Saad amesema nikisaini au nisisaini, mashahidi wapo, atauza. Nikitaka mahakama niende, kesi zitaisha nikiwa bibi kizee.

Desemba 23

Mama hajanisemesha. Sijamsemesha.

Desemba 30

Nimefungua kesi Bayda. Karani kaniuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia mume wangu yuko Tripoli na mke mwingine, ampigie simu kama anamhitaji.

Januari 6

Mvua. Wanis kapita na gari lake la maji, kapunguza mwendo mbele ya nyumba. Nimefunga dirisha.

Januari 17

Saad mwenyewe ndiye aliyetafuta miadi ya daktari wa macho wa mama, Bayda. Nilishangaa kwa wema wake. Sasa sishangai.

Tulikuwa tumetoka kwa daktari, mama ametiwa matone na haoni vizuri, simu ikalia. Masuda. Katika maisha yangu Masuda hajawahi kunipigia.

"Wifi, uko wapi?"

"Bayda. Kuna nini?"

"Tingatinga liko shambani. Limeshaanza. Wewe njoo, mimi nakwenda kukaa."

"Kukaa wapi?"

Akakata simu.

Nilikodi gari. Njia nzima nilimwambia dereva aongeze mwendo, na mama akishika mkono wangu bila kuuliza. Tulipofika nilisikia nyuki kabla sijaona kitu.

Safu ya chini ya mizinga ilikuwa imekanyagwa. Asali na matope, masega yamelala chini, nyuki maelfu kwenye nyasi za baridi, wanatambaa, hawawezi kuruka. Upande mmoja wa ngazi za Kasri umeng'olewa kama jino. Nguzo ile ndefu, ambayo upepo wa jangwa, tetemeko, Mtaliani na vita havikuiangusha, imekatika. Pande lake kubwa limesukumwa korongoni.

Na tingatinga limesimama, kijiko juu, maana mbele yake, kwenye ngazi ya juu kabisa, alikuwa ameketi Masuda. Amejifunga shuka lake la milia, uso umevimba kwa kuumwa na nyuki, jicho moja halifunguki. Dereva wa tingatinga, kijana wa Kimisri, kajifungia ndani ya kibanda chake, naye kaumwa.

Wanis alikuwa kando ya gari lake. Nilimwendea.

"Ulijua?"

"Waliniambia watazunguka mizinga."

Nikampiga kofi. Mtoto niliyembeba mgongoni, nimempiga kofi mbele ya watu, na mkono bado unaniwasha, na sijutii.

Saad akafika mbio, kanzu kaishika mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe.

"Masuda. Inuka."

"Nimekaa."

"Unanidhalilisha. Inuka, au leo hii nakurudisha kwenu."

"Nirudishe," akasema, kwa sauti ile ile ya kuita kuku. "Kwetu unapajua. Ulikula nyama pale siku ndugu zangu waliponiridhisha. Waliniridhisha kwa nini, Saad? Waambie hawa."

Saad akaiachia kanzu ikaburuta matopeni.

"Kwa zulia," Masuda akasema. "Shamba la baba yangu, na kisima chake, kwa zulia. Na wewe ukalitia begani ukalipeleka garini unacheka. Miaka yote hii nafagia lile zulia. Nirudishe basi. Nirudi nikakae wapi, kwenye duka walilojenga ndugu zangu juu ya shamba lile, kati ya magunia?"

Wanaume waliokuwa wamekusanyika wakaanza kutazama viatu vyao.

Nyuma yangu mama alikuwa ameshuka garini, mikono mbele kama kipofu.

"Nionyesheni pa kukaa," akasema.

Nikamshika mkono, nikampandisha zile ngazi zilizobaki, nikamkalisha kando ya Masuda, nami nikakaa. Jiwe lilikuwa baridi kama barafu. Yule kijana wa Kimisri alitutazama, akazima injini, akashuka.

"Mimi nina mama," akamwambia Saad. "Tafuta mtu mwingine." Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani.

Tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Watu walipokwisha kutawanyika nikamwuliza Masuda, "Kumbe unaipenda Kasri?"

"Mawe yako sina habari nayo," akasema. "Yamenigandisha matako. Nimekaa kwa ajili ya fungu." Kisha akaongeza, "Lile bango alilileta Saad. Nililipachika bandani, juu, makusudi ulione ujue. Ukanijia juu kama mimi ndiye mwizi."

Miezi yote hii nimemchukia mtu asiye na kosa.

Januari 18

Nimeokoa masega niliyoweza. Nyuki waliobaki nimewaunganisha na wale wa mizinga mizima. Malkia wawili nimewakuta wamekufa matopeni. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Ni machozi mengine kabisa, yanachoma.

Januari 21

Masuda hajaachwa. Saad analala dukani. Masuda anasema usingizi umekuwa mtamu.

Februari 2

Wazee wa ukoo wamekaa. Hamza Bu-Dawi amejitoa. Amesema hawezi kujengea harusi juu ya ardhi yenye matusi, atatafuta penye baraka. Ami Bu-Khatwa, yule yule wa binti mwenye heri, amesema shamba ligawanywe kama Kitabu kinavyosema, na akalisema kama vile ni wazo lake tangu mwanzo. Mama amenipa na thumuni yake, fungu la mjane. Vikiungana, vinatosha Kasri na miti yote ya shmari.

Ustadh Miftah alikuja, safari hii amepata mafuta. Alipiga picha palipong'olewa, akatikisa kichwa, akasema ni hasara kubwa. Nilimwambia hasara naijua, nimeifagia mwenyewe. Akaomba radhi. Nilimpa chai, ila sikumpa asali.

Watu wananipongeza sokoni. Wananiambia alhamdulillahi, umeshinda. Nguzo iko korongoni, nusu ya mizinga yangu haipo, ndugu zangu wawili sina, na kila kitu nilichopata kilikuwa changu tangu siku baba alipokufa. Huo ndio ushindi.

Februari 10

Leo tumevuna kidogo kilichopo. Masuda amezungusha pipa la masega, mimi nakata nta. Asali imetoka nyeusi, chungu kuliko miaka yote. Masuda kaonja, kakunja uso, kaonja tena.

Wanis alikuja akasimama mlangoni. Kakonda.

"Dada, mama kaniambia nije."

"Basi umeshafika."

"Nimekosa. Nisamehe."

Mama alikuwa chumba cha pili, najua alikuwa anasikiliza. Nilifuta kisu. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa tangu Desemba, na yote yalikuwa mazuri, lakini hayakuja. Nikamwambia, "Ile nguzo iko korongoni. Ipandishe juu, uirudishe mahali pake. Ukimaliza tutazungumza."

"Jiwe lile halibebwi na mtu mmoja, dada."

"Najua," nikasema, nikarudi kwenye asali.

Februari 15

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Wanis yuko korongoni na minyororo na lile gari lake bovu la maji. Injini inanguruma, inazima, inanguruma. Saa sita Masuda alikwenda kuchungulia, akarudi akasema jiwe limesogea kidogo.

Mimi sijashuka.